Siku 3 kwa hatua, akiba ya muda au saa moja ya wote: makataa yapi yanakufaa kwenye michezo ya zamu mtandaoni?

Anayefungua meza mpya ya chesi, Go (mchezo wa ubao wa kuzingira eneo kwa mawe) au Diplomacy (mchezo wa ubao wa vita na mapatano) mtandaoni hukutana na kisanduku cha muda kabla ya jambo lingine lolote, na wengi hukibofya kwa kutazama namba tu: siku 1, siku 3, siku 7. Namba hiyo peke yake haikuambii mengi. Siku 3 za Lichess, tovuti ya chesi, na siku 3 za Online Go Server, tovuti ya Go, si muda ule ule, na saa 24 za Diplomacy ni habari nyingine kabisa. Kinachoamua kama mchezo utakwisha vizuri au kwa manung'uniko ni mambo matatu: saa hufanya nini ukishacheza, nani huumia mtu akinyamaza, na makataa yanafika saa ngapi hapa Nairobi.

Saa inayoanza upya na saa yenye akiba

Lichess, kwenye chesi ya masafa (ile ya muda wa siku badala ya dakika), hukupa kuchagua kati ya siku 1 na siku 14 kwa kila hatua. Ukicheza, saa hurudi mwanzo. Ukitumia dakika 2 au siku mbili na nusu, zamu yako ijayo utapewa siku 3 zile zile. Huchumi chochote kwa kuwahi. Chess.com nayo hufuata mtindo huo kwenye michezo yake ya siku kwa siku, ila ina likizo: unaweza kusimamisha saa zako zote ukisafiri. Lichess haina likizo, kwa hiyo muda unaouchagua mwanzoni ndio huo huo hadi mwisho.

Online Go Server kwa kawaida hutumia saa ya Fischer. Unaanza na siku 3, kila hatua inakuongezea siku 1, na akiba haipiti siku 7. Mtindo huu ulitoka kwa Bobby Fischer, bingwa wa chesi wa Marekani, aliyepata hataza ya saa hiyo mwaka 1989 na kuitumia katika mechi yake ya marudiano na Boris Spassky mwaka 1992. Pale ilikuwa dakika na sekunde. Mtandaoni hesabu ni ile ile, ila kwa siku.

Tofauti yake huonekana mtu akisafiri. Chukua mchezaji wa Nairobi anayeondoka Ijumaa jioni kwenda mazishi ushago, mahali ambapo mtandao hushika juu ya kilima tu, na kurudi mjini Jumatatu saa 3 usiku. Mpinzani wake amecheza Ijumaa hiyo saa 1 jioni. Kwa siku 1 kila hatua, mchezo umekwisha Jumamosi saa 1 jioni, kabla hata jeneza halijashushwa. Kwa siku 3 kila hatua, muda unakatika Jumatatu saa 1 jioni, naye bado yuko barabarani. Amepoteza kwa saa mbili, hata kama hatua zake 15 za kwanza alizicheza papo hapo. Kwa saa ya Fischer, hatua hizo 15 za haraka zimeijaza akiba hadi siku 7, kwa hiyo ana nafasi mpaka Ijumaa inayofuata saa 1 jioni.

Lakini akiba ina upande wake wa pili. Mchezaji anayetumia siku moja na nusu kila hatua angeishi raha mustarehe kwenye siku 3 zinazoanza upya. Kwenye siku 3 na nyongeza ya siku 1 anakula nusu siku ya akiba kila mara: baada ya hatua ya kwanza amebaki na siku 2.5, kisha 2, kisha 1.5, na anapofika hatua ya 5 ana siku 1 pekee mkononi. Mwendo wake haujabadilika hata kidogo, lakini hapo ndipo anapoanguka. Wachezaji wapya wa Go hulalamika kwamba seva imewadhulumu. Haijawadhulumu, ni hesabu.

Mtindo wa tatu, wa kizamani zaidi, ni mafungu. Shirikisho la kimataifa la chesi ya masafa, ICCF, limezoea siku 50 kwa kila hatua 10. Humo unaweza kukaa siku 12 juu ya hatua moja ngumu na kuzilipa kwa kucheza zile rahisi siku hiyo hiyo. Unawafaa watu wanaochambua kwa dhati, na huwachosha wengine wote.

Urefu wa mchezo nao hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. Huu hapa mchezo wa hatua 40 kila upande, ukivutwa mpaka dakika ya mwisho:

| Mfumo | Mchezaji mmoja | Wote wawili |
|---|---|---|
| Siku 1 kila hatua, inaanza upya | siku 40 | siku 80 |
| Siku 3 kila hatua, inaanza upya | siku 120 | siku 240 |
| Siku 3 na nyongeza ya siku 1 | siku 42 | siku 84 |
| Siku 50 kwa hatua 10 | siku 200 | siku 400 |

Tazama mstari wa kwanza na wa tatu. Urefu wa juu unakaribiana, lakini mmoja unakufunga kucheza kila siku bila kukosa na mwingine unakuruhusu kupotea wikendi nzima. Kama unaomba ushauri mmoja kwa mchezo wa watu wawili, ni huo: chagua akiba pale inapopatikana. Pale isipopatikana, siku 3 zinatosha watu wengi na siku 1 ni ya wale wanaoshika simu kila wanapopanda matatu.

Siku 14 tungeziepuka, na si kwa sababu ya uvivu. Saa inayoanza upya humpa silaha anayeshindwa: mtu aliyebakiza hatua 5 kabla ya kufungwa anaweza kukuweka siku 70 akitumia muda wote kila mara, na hajavunja sheria yoyote. Kwenye akiba anakula muda wake mwenyewe, na hawezi kwenda mbali.

Meza ya watu wengi: zamu kwa zamu au wote pamoja

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, kwa sababu watu hubeba mazoea ya chesi hadi kwenye meza ya watu watano au saba.

Mchezo wa kupokezana zamu huzidisha makataa kwa idadi ya watu. Wachezaji 5, saa 24 kila mmoja, raundi 20: ukiharibika kabisa, ni siku 100. Mchezo ambao wote hutuma maagizo kwa pamoja, kwa saa 24 hizo hizo na raundi 20, ni siku 20. Hata wachezaji wote wakiwa wema, kwenye zamu za kupokezana huwa yupo mmoja ambaye hufungua mchezo mara moja tu kwa siku, saa 5 usiku baada ya kuwalaza watoto, na mwendo wake ndio unaokuwa mwendo wa meza. Ndiyo maana kwa zaidi ya watu watatu tunapendelea mfumo wa pamoja, au kupunguza makataa hadi saa 12 endapo wote wako mji mmoja.

Diplomacy ni mfano mzuri wa mfumo wa pamoja. Mchezo huu wa Allan B. Calhamer, uliotoka 1959, una wachezaji 7 wanaogombania vituo 34, na anayefikisha 18 ndiye mshindi. Watu walianza kuucheza kwa posta mwaka 1963, wakati makataa yalikuwa wiki kadhaa kwa sababu barua ilibidi isafiri. Leo kwenye tovuti ya webDiplomacy awamu inaweza kuwa dakika 5 au siku kadhaa. Mwaka mmoja wa mchezo una awamu 3 za kawaida, yaani mwendo wa machipuko, mwendo wa vuli na kuunda majeshi, pamoja na awamu 2 za kurudi nyuma ambazo hutokea tu jeshi likifukuzwa. Kwa saa 24 kila awamu, miaka 10 ya mchezo ni siku 30 hadi 50. Kwa saa 48 ni miezi miwili hadi zaidi ya mitatu. Ukiwaalika marafiki waambie namba hiyo ya mwisho, usiwaambie "saa 48" tu, maana ndiyo inayoamua nani atakuwa bado yupo mchezo unapokwisha.

Kuna kitufe kinachokwaza wageni wote. Kuhifadhi maagizo si kusema uko tayari. Maagizo yaliyohifadhiwa hutumika makataa yakifika, lakini seva haitasonga mapema. Wote wakibonyeza kuwa wako tayari, awamu hukatwa hapo hapo. Kwa hiyo awamu za kurudi nyuma na za kuunda majeshi, ambazo hazina mazungumzo mengi, zibonyezwe tayari mapema. Awamu za mwendo usibonyeze mpaka umalize kusikia walichosema majirani zako, kwani ukiwa wa mwisho kubonyeza mlango umefungwa na anayetaka kukubembeleza amechelewa.

Freeciv (mchezo wa kujenga himaya) ya zamu ndefu ni pacha wa mfumo huu, na imegundua tatizo ambalo wengine hawaligusi. Anayecheza dakika za mwisho za zamu, kisha dakika za kwanza za zamu inayofuata, husogeza jeshi lake mara mbili mfululizo kabla jirani hajaamka. Dawa ya seva ni mpangilio uitwao `unitwaittime`, unaolazimisha kila kikosi kupumzika muda fulani kati ya zamu moja na nyingine. Ukijiunga na mchezo wa Freeciv usio na kinga hiyo, jua kwamba mshindi atakuwa yule anayeweza kuwa macho saa ya mabadiliko. Muda wa zamu wenyewe huandikwa kwa sekunde: `set timeout 86400` ni saa 24, na `82800` ni saa 23.

Kwa nini mtu achague saa 23? Kwa sababu mabadiliko ya zamu hurudi nyuma saa moja kila siku. Leo saa 3 usiku, kesho saa 2 usiku, keshokutwa saa 1 jioni, na baada ya zamu 24 yamezunguka saa zote na kurudi pale pale. Hakuna nchi inayobeba mzigo wa saa mbaya daima. Kwa kundi lililotawanyika duniani ni haki; kwa kundi lote la Nairobi ni usumbufu mtupu, kwani siku kadhaa makataa yataangukia usiku wa manane bila faida kwa yeyote. Hapo bakini na 24.

Saa yenyewe, kwa macho ya Nairobi

Seva nyingi huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa. Nairobi iko saa 3 mbele, mwaka mzima, bila kubadilika. Siku ya seva inapoanza, hapa ni saa 9 usiku. Mchezo wa Go uliowekwa kusimama wikendi kwa UTC utasimama saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi, si Ijumaa usiku unapofunga kazi. Na utaanza tena saa 9 usiku wa kuamkia Jumatatu, ukiwa usingizini. Aliyebakiza saa 5 Ijumaa jioni asijidanganye kwamba wikendi imemwokoa.

Tatizo kubwa ni makataa yaliyowekwa kwa saa za mahali pengine. Mwenzenu wa London akisema "kila siku 20:00 kwangu", majira ya baridi ni 23:00 hapa, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi inakuwa 22:00, hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani hubadilisha saa tarehe nyingine, Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo wiki tatu hadi nne kila mwaka kundi lenye mtu London na mtu Dallas huvurugika kabisa. Wekeni makataa kwa saa za Nairobi au UTC, kisha wale wanaobadilisha saa ndio wajirekebishe. Mwenzenu wa Doha hana shida: saa yake ni yetu.

Saa 22:00 ya Nairobi hufaa kundi kama hilo. London ni 19:00 au 20:00, Dallas ni 13:00 au 14:00, na hakuna aliyelala. Mtu wa Melbourne akiwemo, kwake ni alfajiri saa 5 au 6 za saa ya ukutani. Ataweza kutuma maagizo kabla ya kulala, lakini atakosa yale mazungumzo ya saa ya mwisho, na kwenye Diplomacy huko ndiko kuuzana kunakofanyika. Kwake mchezo wa Freeciv wa saa 23 ni wa haki zaidi.

Na mkiandikiana, andikeni saa kwa tarakimu nne. Kundi lenye aliyekulia Eastlands na aliyekulia Texas litasoma "saa kumi" kwa njia mbili, mmoja alasiri na mwingine usiku. "Jumapili saa sita usiku" ni mbaya zaidi, kwani hakuna ajuaye ni usiku wa kuamkia Jumapili au wa kuimaliza. 21:59 humaliza ubishi.

Mtu akinyamaza

Mifumo hutofautiana sana hapa, na watu huigundua wakiwa wamechelewa.

Kwenye chesi na Go, muda ukiisha umepoteza, basi. Kwa watu wawili ni sawa. Chess.com pia huonyesha kiwango chako cha kuishiwa na muda, na mashindano mengine humfungia mlango mwenye kiwango kikubwa.

Kwenye Diplomacy, asiyetuma maagizo majeshi yake husimama pale yalipo. Anayefaidi si mchezo, ni jirani. Austria ikinyamaza msimu wa kwanza, Italia, Urusi na Uturuki hugawana vituo vyake, na Ujerumani, ambaye hakufanya kosa lolote, anajikuta amezungukwa na majitu. Kwa hiyo kabla ya kuanza angalia mambo mawili: mchezo unasamehe awamu ngapi za kukosa kabla mtu hajaondolewa, na kama nafasi yake inaweza kuchukuliwa na mwingine. Kwa marafiki, msamaha wa awamu moja unatosha. Kwa wageni msiojuana, weka sharti la kiwango cha uaminifu kabla ya mtu kuingia. Seva hukihesabu yenyewe.

Kwenye Board Game Arena, tovuti ya michezo ya mezani, muda wako ukiisha mchezo haukatiki wenyewe. Wenzako hupewa uwezo wa kukutoa, na karma yako, yaani alama ya mwenendo wako, hushuka. Ni mfumo wa kiungwana pale watu wanapojuana, ila una udhaifu wake: kwenye kundi la marafiki hakuna anayetaka kuwa yule aliyemtoa shemeji yake, na meza hukaa wiki nzima imekufa. Afadhali mkubaliane kabla, kwa mfano saa 12 baada ya muda kuisha, ili anayebonyeza asionekane adui.

Michezo ya papo hapo, kwa ufupi

Hapa chaguo ni mtandao wako zaidi ya ladha yako. Muda usio na nyongeza huadhibu kila kukwama kwa data. Dakika 3 na sekunde 2 kwa hatua ni kama dakika 4 na sekunde 20 kwa mtu kwenye mchezo wa hatua 40, na zile sekunde 2 ndizo zinazokuokoa mwishoni. Lichess pia hufidia sehemu ya ucheleweshaji wa mtandao, si wote. Kwenye Go, vipindi 5 vya sekunde 30 ni salama zaidi: ukicheza ndani ya sekunde 30 kipindi hakipungui, na ukikwama mara moja unapoteza kipindi kimoja, si mchezo. Kwa simu na bando, ndani ya matatu kati ya Westlands na Kangemi, mchezo wa papo hapo ni kujitafutia hasira. Cheza wa siku.

Yanayoharibika hata makataa yakiwa mazuri

Arifa hazifiki. Simu nyingi za Android huua programu zilizo nyuma ili kuokoa betri, na mchezo usiofunguliwa siku mbili huwa wa kwanza kunyamazishwa. Ingia kwenye mipangilio ya betri, itoe programu hiyo kwenye uokoaji, na iruhusu ijiwashe yenyewe. Kisha washa arifa za barua pepe kama njia ya pili, na uthibitishe hazitui kwenye barua taka.

Kengele ya kujikumbusha iwekwe saa 3 kabla ya makataa, si dakika 15. Stima ikipotea au bando likikatika, saa 3 zinatosha kutafuta saiba au kuomba hotspot kwa jirani. Dakika 15 hazitoshi. Hatua yenyewe ni kilobaiti chache tu, hata bando dogo kabisa linaituma.

Idadi ya michezo pia huua. Michezo 20 ya siku 1 kila hatua, dakika 5 kila ubao, ni dakika 100 kila siku, Krismasi ikiwemo. Kabla ya kuongeza wa 21, tumia hatua za masharti, ambazo Lichess, Chess.com na Online Go Server zote zinazo: "akila askari, namla kwa farasi". Seva hukuchezea papo hapo mpinzani akifuata njia hiyo, na mabadilishano ya hatua 4 yaliyokuwa yachukue wiki huisha usiku mmoja.

Kwa kundi la marafiki 7 wanaoanza Diplomacy, wengi Nairobi na wachache nje, huu hapa ujumbe wa kubandika kwenye WhatsApp kabla ya kufungua meza:

"Hamjambo wote. Awamu ni saa 24, makataa 22:00 ya Nairobi kila siku wote wasipobonyeza tayari mapema, hayabadiliki hata London ikibadilisha saa. Mchezo utachukua mwezi mmoja hadi miwili. Asiyeweza aseme leo. Awamu za kurudi nyuma na kuunda majeshi, bonyeza tayari mara tu unapomaliza. Kukosa awamu moja kunasamehewa, ya pili nafasi yako inachukuliwa na mtu wa akiba. Anayesafiri aseme saa 48 kabla, tutasimamisha mchezo mara moja tu, si zaidi ya siku 4, na kila mmoja abonyeze kura ya kusimamisha, maana bila kura zote seva haisimami."